Kupandisha Prado inchi mbili: namna ya kuchagua shokapu na springi zake

Wakuu, kila baada ya siku chache kuna mtu ananitumia picha ya seti ya shokapu za kupandisha gari, nyekundu au za njano zinang'aa, afu ananiuliza "hizi vipi, nichukue?" Na mimi huwa namrudishia swali moja tu, gari yako ina kilo ngapi ukiwa safarini? Hapo kimya. Mtu anajua rimu zake, anajua saizi ya tairi, rangi ya springi ashachagua tayari, ila uzito hajawahi kuufikiria. Sasa hapo ndipo pesa inapopotea, maana shokapu na springi za kupandisha zinauzwa kwa uzito kabla ya kuuzwa kwa urefu.

Nitatumia Toyota Prado, matoleo ya 120 na 150, kama mfano, maana ndizo zimejaa huku kwetu na ndiyo gari ninayoendesha mwenyewe (120, dizeli). Mwenye Land Cruiser 200, Fortuner au FJ Cruiser anaweza kufuata hivi hivi, mpangilio wa chini unafanana sana, kinachobadilika ni namba za spea na uzito.

1. Lala chini uangalie gari yako ina nini

Kabla hujaulizia bei, ingia chini. Prado mbele kila tairi ina am ya juu na am ya chini, katikati kuna shokapu iliyopita ndani ya springi, vimefungwa pamoja kama kitu kimoja na juu kuna maunti (kishikizo cha kuifungia kwenye gari) yenye nati tatu. Hiyo ndiyo mafundi wengine wanaita strati. Nyuma ni ekseli moja nzima, springi zimekaa peke yake na shokapu peke yake. Kwa hiyo mbele ukibadilisha springi lazima utoe na shokapu, nyuma unaweza kugusa kimoja ukaacha kingine.

Sasa sio kila gari kubwa iko hivyo. Land Cruiser 100 mbele haina springi ya mviringo kabisa, ina toshenba, zile fimbo za chuma zinazojikunja, so ukiuziwa strati za mbele za 100 ujue umeuziwa kitu cha gari nyingine. Land Cruiser 80 na Patrol Y61 mbele zina ekseli nzima, springi na shokapu vimeachana. Lexus LX570 ina mfumo wa mafuta ya presha (haidroliki) unaopandisha na kushusha gari wenyewe, hiyo usiiguse kwa seti ya kawaida mpaka umeamua kuung'oa mfumo mzima.

Na kwa Prado zilizotoka Japani kuna mtego mwingine. Ile ya gredi ya juu, TZ-G, inakuja na puto za hewa nyuma badala ya springi, na shokapu zake zina waya juu kwa ajili ya ile swichi ya kubadilisha ulaini. Ukifunga shokapu za kawaida ule waya unabaki hauna kazi na taa inaweza kuanza kuwaka kwenye dashibodi. Ukiondoa puto ukaweka springi, ule mfumo wa hewa nao lazima uzimwe vizuri. Inawezekana, watu wengi wamefanya, ila bajeti yako inapanda na fundi awe anajua anachofanya sio anabahatisha.

Kingine angalia kama ina KDSS, ule mfumo wa Toyota unaokaza na kulegeza stabilaiza (fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona). Utaona stabilaiza imeunganishwa na silinda ya mafuta, na kuna bomba nyembamba zinapita kwenye chesisi kwenda kwenye vali. Kama ipo, iandike pembeni, tutairudia kwenye kufunga.

2. Pima urefu wa sasa, kwa futi, sio kwa macho

Paki sehemu tambarare. Pima kutoka katikati ya habu ya tairi (pale kwenye kifuniko cha rimu) kwenda juu moja kwa moja mpaka ukingo wa fenda. Pembe zote nne, andika kwa milimita. Usipime kutoka chini, maana tairi iliyoisha upepo au iliyolika inakudanganya.

Hizi namba nne ni mali. Kwanza zitakuonyesha kama gari imelala upande mmoja, Toyota nyingi za aina hii hulala kidogo na ukizipandisha ulalo unaonekana zaidi. Hilo dawa yake ni kipande kidogo cha kunyoosha, milimita 5 au 10, kinawekwa juu ya maunti upande uliolala. Pili, springi za zamani zilizochoka zinakuwa zimeshuka, kwa hiyo ukifunga mpya ukaona imepanda 65 sio kwamba umeuziwa lifti (upandishaji) ya milimita 65, ni kwamba ulikuwa umeshazama 15 bila kujua.

3. Uzito. Hapa tulia

Chukua karatasi, chora mistari miwili, mmoja mbele mmoja nyuma. Andika vile tu ambavyo vipo kwenye gari SIKU ZOTE, Jumatatu kwenda kazini na Jumamosi kwenda shamba. Huo ndio uzito wa kudumu na ndio unaochagulia springi.

Mbele: ngao ya chuma inacheza kati ya kilo 60 na 80. Winchi na waya wake wa chuma weka kilo 35 hivi. Betri ya pili weka 20. Na ujue hivi vitu vya mbele vimening'inia mbele ya ekseli, kama mtu aliyebebeshwa ndoo kwa mkono ulionyooka, kwa hiyo ekseli ya mbele inasikia zaidi ya kilo zenyewe.

Nyuma na juu: kerieri ya chuma kilo 30 mpaka 40. Hema la juu kama 60. Tanki la ziada la lita 80, dizeli lita moja ni kama gramu 840, so hapo ni kilo 67 za mafuta bado chuma cha tanki. Jerikeni mbili za lita 20 zikijaa dizeli ni kilo 40 na kidogo ukijumlisha na chuma chake. Maji ni rahisi, lita moja kilo moja. Friji, droo za mbao za nyuma, sanduku la spana, jeki ndefu... hizi ndizo zinasahaulika afu zinafika kilo 100 kimya kimya.

Watu sasa. Watu wazima watano wa kilo 75 ni 375. Ila jiulize, wako kwenye gari kila siku au mara mbili kwa mwaka mkienda Moshi Krismasi? Kama ni mara mbili kwa mwaka, hao sio uzito wa kudumu. Vile vile mikungu ya ndizi na gunia la mkaa mnazorudi nazo.

Nasema hivi kwa sababu nilishaumia. Seti yangu ya kwanza, muuzaji mmoja (jina namuachia) alinishawishi nichukue springi za nyuma za kubeba kilo 400 za kudumu, akasema "bosi, chukua ngumu uwe na uhakika", na mimi nikaona ngumu si ndiyo imara? Gari yangu muda mwingi nyuma ina tairi la spea na mwavuli. Wacha gari irukeruke kama mbuzi kwenye kila tuta, nyuma ikasimama juu kuliko mbele, kwenye kona yenye changarawe nyuma ikawa inahama maana tairi inakaa hewani muda mrefu kuliko chini. Mke wangu akagoma, akawa anapanda bajaji. Miezi minne nikazitoa nikauza kwa jamaa wa kampuni ya utalii ambaye gari yake kweli inabeba, kwake zikawa tamu kabisa. Springi zile zile.

Ukitaka uhakika zaidi ya karatasi, nenda kwenye mizani. Wanunuzi wa nafaka na wa vyuma chakavu wanazo mizani za magari, unaongea nao vizuri unalipa kidogo. Panda na tairi za mbele tu kwanza usome, halafu gari nzima, ukitoa unapata ya nyuma. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Na hapa tuelewane, springi ngumu hazikupi ruhusa ya kubeba zaidi ya hapo. Breki ni zile zile, ekseli ile ile, chesisi ile ile.

4. Unapanda kiasi gani na kwa nini

Jibu langu fupi, milimita 40 mpaka 50, yaani inchi mbili, basi. Prado kwenye huo urefu inabaki na tabia zake, sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye tairi za mbele) hazipindi sana, alaiment inakubali, na unapata nafasi ya tairi kubwa kidogo.

Ukivuka hapo mambo yanaanza kudai pesa. Sivi jointi za mbele zinakaa kwa pembe kali, buti (raba zinazozifunika) zinachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia. Am ya juu inafika mwisho wake mapema ikishuka, bolijointi inakaa vibaya. Kasta inapungua (ule mlalo wa nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona) na gari inaanza kutangatanga barabarani ukiwa 100. Dawa ni am za juu za aina nyingine zilizotengenezwa kwa lifti, na wengine wanashusha difu ya mbele kwa vipande maalumu. Mtu anayetaka inchi tatu au nne aweke kabisa hizo gharama kwenye hesabu toka mwanzo, sio aje kulalamika baadaye gari inakula buti.

Halafu kuna kitu watu hawaelewi: lifti HAIPANDISHI difu ya nyuma. Ekseli ya nyuma imekaa kwenye tairi, springi iko juu yake, kwa hiyo ukipandisha springi unapandisha bodi tu. Kile kibuyu cha difu kiko pale pale na ndicho kitagonga jiwe. Kinachokipandisha ni tairi. Prado 150 nyingi zinakuja na 265/65R17, kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukiweka 265/70R17 inakuwa 803. Tofauti 27, ukigawa kwa mbili difu imepanda milimita 13. Kidogo, ndiyo, ila ni za kweli. (Na spidomita itasoma pungufu kwa kama asilimia 3, kwa hiyo mnaopenda kutembea 49 kwenye hamsini mkiwaogopa jamaa wa tochi, kumbukeni hilo.)

Sasa zile spesa. Kuna kipande cha chuma au plastiki ngumu kinawekwa juu ya maunti, shokapu na springi zinabaki zile zile, bei ya kutupa. Kwa sababu strati iko ndani zaidi kuliko tairi, spesa ya milimita 25 inakupa karibu 50 kwenye tairi. Watu wanaweka ya 50 wakidhani watapata 50! Mimi sizipendi kwa gari inayoenda porini. Shokapu inabaki na urefu wake lakini umeisogeza chini, tairi ikishuka kwenye shimo am ya juu inaweza kugusana na springi, na zile jointi zinavutwa mpaka mwisho. Kwa gari ya lami tu ambayo unataka mbele ilingane na nyuma, spesa ndogo sio dhambi.

5. Springi ndiyo unayoichagua kwanza

Ukiwa na karatasi yako hapa ni rahisi. Makampuni mengi ya Australia, Old Man Emu ya ARB, Ironman, Tough Dog, Dobinsons, yanapanga springi za mbele kwa makundi yanayofanana: gari bila ngao, gari yenye ngao, gari yenye ngao na winchi. Za nyuma: tupu au mzigo mdogo, kilo 200 hivi za kudumu, kilo 400 za kudumu. Namba kamili zinatofautiana kwa kila kampuni, soma jedwali lao la gari yako, injini yako (dizeli ni nzito kuliko petroli) na idadi ya milango, maana ya milango mitatu sio sawa na ya mitano.

Springi moja inaweza kukupandisha 50 bila ngao na ikakupandisha 30 tu ukifunga ngao. Ndiyo maana namba ya lifti kwenye boksi haina maana yoyote bila uzito. Mtu anakwambia "hizi zinapandisha inchi mbili", muulize, kwa gari yenye nini?

Kama unajua mwakani utafunga ngao, funga ngao kwanza afu springi baadaye. Kama uko katikati ya makundi mawili, chukua nyepesi. Nyuma kama mzigo ni wa msimu, kuna puto za hewa za kuingiza ndani ya springi, unajaza upepo ukipakia na unapunguza ukishusha, pampu ya tairi inatosha. Hizo ndizo ningenunua mwanzoni badala ya yale mawe niliyofungiwa.

6. Shokapu: angalia barabara unayopita

Springi inabeba gari, shokapu inaizuia springi isicheze ngoma. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na joto ndilo linaloiua. Pita ile njia ya Naabi kwenda Seronera, au ya kwenda Natron kutokea Mto wa Mbu, pale penye mawimbi madogo madogo ambayo madereva wa utalii wanawaambia wageni ni masaji ya Kiafrika. Shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde kwa saa nzima, mafuta yanachemka, yanachanganyika na gesi yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Gari inaanza kuelea, unadhani ni tairi kumbe shokapu zimezimia. Zikipoa zinarudi, ila kila mara zinarudi pungufu.

Kwa ufupi kuna familia mbili. Ya kwanza ina bomba mbili, moja ndani ya nyingine, mafuta yanazunguka ndani na nje na gesi ya presha ndogo juu. Laini, bei nafuu zaidi, na ikigongwa na jiwe ikabonyea bomba la nje mara nyingi inaendelea na kazi. Old Man Emu Nitrocharger ni ya hivi. Ndani ya familia hii kuna zile ambazo badala ya gesi wameweka sponji maalumu ili mafuta yasipate kitu cha kutengenezea povu, Ironman na Tough Dog wanazo, bomba nene, mafuta mengi, zinavumilia joto vizuri ila ni nzito na wengine wanaziona ngumu.

Ya pili ina bomba moja, gesi ya presha kubwa imetengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea. Inapoa haraka maana mafuta yamegusana na ukuta wa nje moja kwa moja, povu halipati nafasi. Bilstein ya Ujerumani ndiyo maarufu hapa. Ile 5100 ya mbele ina mifereji kwenye bomba, unahamisha ringi ya kukalia springi ili kuchagua urefu. 6112 ni kubwa zaidi, pistoni ya milimita 60. Ubaya wake, bomba likibonyea pistoni inakwama, kwisha.

Ningechaguaje? Gari ya mjini na lami ya Dar–Arusha na shamba mwisho wa wiki, bomba mbili za gesi zinatosha na usiumize kichwa. Gari inayokaa kwenye mawimbi ya vumbi ikiwa imepakia, bomba moja au za sponji. Gari ya mawe mawe ya taratibu, milimani huko, bomba mbili maana zitagongwa tu. Zile za bei ya kiwanja zenye chupa pembeni na vitasa vya kuzungusha kurekebisha ugumu ni nzuri, sikatai, ila mmiliki mwenyewe ajue kuvizungusha, vinginevyo umenunua mapambo.

Kitu kimoja usikubali, springi mpya za lifti kwenye shokapu za zamani za kiwandani. Shokapu fupi itakuwa imeshavutika sana gari ikiwa imesimama tu, ukitoka kwenye tuta unasikia "ngo!" inafika mwisho. Na nguvu yake ilipimwa kwa springi laini. Nunua vilivyotengenezwa kuendana, kampuni moja, mbele na nyuma kwa pamoja kama mfuko unaruhusu.

7. Dukani

Kariakoo, Grogan ya Nairobi, Kisekka ya Kampala, orijino zipo na feki zipo, wakati mwingine kwenye kabati moja. Mimi naangalia hivi. Weldi za masikio ya chini ziwe safi, mstari mmoja. Shafti iwe ya krome laini isiyo na mkwaruzo. Namba iliyochapwa kwenye bodi ya shokapu ilingane na ya kwenye boksi na uitafute kwenye katalogi ya kampuni ukiwa umesimama pale pale dukani, simu unayo. Springi nayo ina kodi yake (namba ya utambulisho), mara nyingi na alama ya rangi, ikague pia maana unaweza kupewa boksi la nyepesi ndani ni nzito. Zile za gesi ukiibonyeza shafti mpaka chini inarudi yenyewe pole pole. Isiporudi, au ikienda kwa kurukaruka, rudisha.

Mtumba wa shokapu sinunui. Springi mtumba zenye kodi inayosomeka, sawa.

Ulizia na vitu vidogo: maunti za juu, raba za kuzuia kugonga, vumbi kava, nati mpya. Maunti za zamani zenye miaka 15 ukizirudishia kwenye strati mpya zitaanza kugonga ndani ya mwezi na utatoa kila kitu tena. Kama duka linauza strati iliyokwisha kufungwa na springi na maunti, lipia hiyo tofauti.

8. Kufunga

Springi ya mbele ikibanwa ina nguvu ya kumuua mtu, sio utani. Kama fundi anabana kwa waya na mnyororo au kwa vile vibano vyembamba vilivyopinda, chukua strati zako uondoke. Inatakiwa mashine ya kubania ya mezani.

Mengine ya kumsimamia fundi, kwa upole:

Gari ikae kwenye stendi sio jeki peke yake. Kama ina KDSS, zile vali mbili kwenye chesisi zilegezwe kabla (zilegezwe, zisitolewe) na zifungwe tena gari ikiwa chini imesimama kwa tairi zake sehemu tambarare, la sivyo gari italala upande na utahangaika kutafuta mchawi.

Waya wa ABS na hosi ya breki zisivutwe tairi ikining'inia.

Na hili nililipia: bolti zinazopita kwenye bushi za raba, kama ile ya chini ya strati na za am, zisikazwe kabisa tairi ikiwa inaning'inia. Zishikizwe tu, gari ishushwe, itikiswe, ndiyo zikazwe. Raba ikikazwa ikiwa imening'inia inabaki imejikunja maisha yake yote, zangu zilichanika kabla hata mvua za masika hazijaisha. Fundi alinambia ni bushi mbovu. Nikanunua nyingine, akakaza vile vile.

Nyuma, ile fimbo ndefu inayolala kutoka chesisi kwenda kwenye ekseli, gari ikipanda inaivuta ekseli upande mmoja kidogo. Kwa 50 ni kitu cha milimita chache, ukiona tairi moja imetoka nje kuliko nyingine usishtuke. Ukipanda zaidi tafuta fimbo inayorekebishika.

9. Baada ya hapo

Alaiment siku hiyo hiyo, kabla hujaenda kuonyesha watu. Am za chini za Prado zina bolti zenye kamu, ndizo zinazozungushwa kurekebisha, na kwa gari zilizokaa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi imeshazigandisha ndani ya bushi. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kufunga chochote mwambie fundi ajaribu kuzilegeza na anyunyizie mafuta ya kutu kila siku. Zisipozunguka nunua mpya, wakati mwingine am inakatwa kabisa, bora ulijue mapema kuliko ukiwa kwenye mashine ya alaiment na foleni nyuma yako. Omba karatasi ya majibu. Mimi namwambia fundi anipe kasta kubwa kadiri inavyowezekana na ilingane kushoto na kulia.

Shusha taa za mbele. Gari imepanda, mwanga umepanda nao, na wenzio wanaokuja mbele watakuwashia full mpaka uchoke.

Ukifika kilomita 500 rudia kukaza nati na bolti zote zilizoguswa. Kilomita 1,000 toa ile karatasi yenye namba nne, pima tena kutoka kwenye habu. Springi mpya hushuka kidogo zikikaa, milimita 5 au 10 ni kawaida. Ikiwa pembe moja imeshuka sana kuliko nyingine, rudi ulikonunua ukiwa na karatasi mkononi, hapo hakuna ubishi.

Na kwenye safari ndefu ya vumbi ya kwanza, simama baada ya nusu saa, gusa kila shokapu kwa uangalifu na haraka, zinaunguza. Zote nne ziwe za moto. Ile iliyo baridi ndiyo haifanyi kazi.

Zile za zamani usimpe fundi. Zifunge kwenye gunia uweke stoo, siku ukiuza gari mteja mwingine atataka irudi chini.